Saa Kumi Mtaa wa Batini

Odeta hakuzaliwa Biharamulo. Alizaliwa Ngara, kwenye vilima ambako mgeni akifika jioni huletewa chungu cha pombe na mrija kabla hajaulizwa habari za alikotoka, lakini chakula huliwa ndani, mlango ukiwa umerudishwa. Ndivyo alivyolelewa. Pombe ni ya watu wote, chakula ni cha wenyewe. Mtu mzima kuonekana anatafuna mbele za watu ilikuwa aibu, na kutafuna mbele ya mkwe ilikuwa zaidi ya aibu, ilikuwa kama tusi.

Kilichomfungua macho ni Rusumo. Malori yalipoanza kuvuka kwa wingi kwenda Rwanda, madereva walishinda pale mpakani wakisubiri karatasi zao zigongwe mihuri, na dada yake akamwita waende wakawapikie. Huko Odeta aliwaona wanaume wa kila kabila wakila kando ya barabara, wakicheka, mafuta yakiwachuruzika vidoleni, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Alijifunza kuchoma nyama ya mbuzi kwenye spoku za baiskeli, na kuiandaa na ndizi mbichi zilizofukiwa kwenye majivu ya moto. Huko huko akamwona Gozbert, dereva wa lori la serikali, mtu wa Bisibo huko Biharamulo, ambaye kila akitia nyama mdomoni alifumba macho kama anayesali. Gozbert alipita Rusumo mara nyingi kuliko kazi yake ilivyodai. Haukupita muda mrefu akatuma wazee Ngara.

Wakakaa Biharamulo mjini, chini ya boma, kwenye mtaa ulioitwa Batini kwa sababu nyumba zake zote ziliezekwa kwa bati wakati mitaa mingine ilikuwa bado ya nyasi. Batini walikaa makarani, walimu, wauguzi na madereva. Kila baraza ilikuwa na redio yake. Jumamosi vijana walipita wakiwa wamevaa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, ingawa viongozi wa chama walishawaambia kwamba mavazi yale si ya kijamaa. Kama kulikuwa na mahali ambapo mtu wa Biharamulo alitaka aonekane, basi ni Batini, na saa ya kuonekana ilikuwa saa kumi.

Saa kumi ndipo kilabu cha Marsiana kilipofunguliwa. Amri ya wilaya ilikataza pombe saa za kazi. Aliyekutwa na rubisi, pombe ya ndizi, asubuhi, wenzake wakiwa shamba la kijiji, alihesabiwa kuwa mnyonyaji. Kwa hiyo mji mzima ulijizuia, na saa kumi ikifika watu walimiminika kama kuku waliofunguliwa banda. Marsiana alikuwa mjane mwenye mwili mkubwa na maneno makubwa zaidi, na nyumba yake ilipakana na ya Odeta. Ndiye aliyemshawishi aweke jiko lake pembeni mwa kilabu.

"Watu wangu wanakunywa bila kula," alimwambia, "na mlevi mwenye njaa ndiye anayenivunjia viti."

Odeta akaweka jiko, mtoto wake akiwa mgongoni. Wageni walinunua: walimu waliotoka Moshi, askari wa kutoka Mwanza, madereva wa njia ndefu. Lakini wenyeji, hasa wazee, waliinusa ile harufu, wakameza mate, wakarudi kwenye mirija yao. Odeta hakuwashangaa. Hata yeye mwenyewe, kwa miaka yote ya kuchoma nyama, alikuwa hajawahi kuila pale jikoni. Alijiwekea kipande akala nyumbani, kikiwa kimepoa.

Mambo yalikuwa hivyo hadi majeshi ya Uganda yalipovuka mpaka na kuteka upande wa kaskazini wa mkoa. Malori yote yaliyokuwa na magurudumu mazima yaliitwa, na madereva wake pamoja nayo. Gozbert alipewa siku moja ya kujitayarisha. Siku hiyo hakuitumia kufungasha nguo, aliitumia kwenda Bisibo kumchukua baba yake, ili nyumba isibaki bila mwanamume. Kulipokucha akaondoka na shehena ya unga kuelekea Bukoba, na Odeta akabaki na mtoto, jiko, na baba mkwe asiyeweza kumtazama usoni.

Mzee Bernardo alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyevaa koti la kijivu hata jua likiwaka. Wakati wa operesheni ya vijiji alihamishwa kutoka kwenye migomba aliyoipanda kwa mkono wake, na muda mfupi baadaye mkewe akafariki. Kulalamika hakukuwa tabia yake. Alilolitaka alimwambia Marsiana, naye Marsiana akamwambia Odeta, kwani kwa desturi yao mkwe na mke wa mwanawe hawakusemeshana hovyo. Kila siku Odeta aliweka chakula kwenye kigoda chumbani kwa mzee, akagonga mlango na kuondoka. Kila siku aliporudi kuchukua sahani aliikuta karibu imejaa.

Alijaribu kubadilisha. Akapika maharage kwa samli, akapika mihogo, akapika kisamvu kama alivyoambiwa marehemu mama mkwe alikuwa akikipika. Sahani ilirudi vilevile. Wakati huohuo mzee alikuwa wa kwanza kilabuni saa kumi na wa mwisho kutoka, akinywa juu ya tumbo tupu, na koti lake lilizidi kumpwaya. Odeta alianza kukosa usingizi. Gozbert akirudi na kumkuta baba yake amekauka hivi, nani ataamini kwamba alikuwa akipikiwa?

Akamwomba Marsiana amwulize kama anaumwa. Jibu lilikuja siku ileile.

"Anasema chakula chako hakina kasoro," Marsiana alieleza. "Ila amesema hivi, nami nakuletea neno kama lilivyo: mle chumbani anakula na ukuta."

Odeta alilitafakari neno hilo akiwa anaosha spoku. Kumbe mzee hakuwa amechoshwa na chakula. Alikuwa amezoea kula akisikia sauti ya mkewe, na sasa sauti haikuwepo. Penye watu, miiko ilimkataza asile. Miiko ilipomruhusu, hapakuwa na watu. Mtu wa namna hiyo ungempeleka wapi?

Jumapili baada ya misa alimchukua Marsiana wakaenda bondeni kukata matete. Wakayafunga kwa kamba za migomba, wakasimamisha ukuta mrefu pembeni mwa kilabu, wenye vijichumba, kila kimoja kikitosha kigoda kimoja na miguu ya mtu mmoja. Upande wa nyuma ulitazama migomba. Aliyekaa ndani hakuonekana na yeyote, lakini matete hayazuii sauti, kwa hiyo mabishano yote ya kilabuni yalimfikia kana kwamba amekaa katikati.

Kesho yake Marsiana akamwambia mzee Bernardo kwamba kule nyuma kuna upepo mzuri, akapunge kidogo. Mzee akaenda. Punde sahani ikapita kwenye upenyo, mishikaki na ndizi mbili. Odeta aligeuza nyama iliyokwisha kugeuzwa, akageuza tena, masikio yake yote yakiwa nyuma. Kwenye kilabu walikuwa wakibishana kama majeshi yetu yamefika Kyaka au bado. Mara sauti ya mzee ikatoka ndani ya matete, nzito, ya mtu mwenye kitu mdomoni, ikisema daraja la Kyaka yeye analijua na halivukwi kirahisi namna hiyo. Watu wakacheka. Sahani iliporudi ilikuwa na spoku tupu.

Haukupita muda katekista Desderius naye akauliza, akitazama pembeni, kama ule upepo unapatikana kwa kila mtu. Kisha wazee wa baraza. "Nakwenda kupunga upepo," ikawa lugha ya mji. Baadaye akaja Deodata, mkunga wa zahanati, mwanamke ambaye nusu ya watoto wa Batini walipitia mikononi mwake. Wanawake wenye heshima zao hawakukaa kilabuni, na Deodata alitoka kazini amechoka, nyumbani hakuna aliyempikia. Akamwomba Odeta amfungulie njia ya upande wa migomba. Odeta akaifungua, na kupitia njia hiyo wakaja walimu wa kike, na wake wa makarani wakiwa wawili wawili, khanga zimefunika vichwa, wakicheka chinichini.

Vita navyo viliongeza watu. Ilitolewa amri kwamba giza likiingia asionekane mtu na moto wala taa, kwa hofu ya ndege za adui. Aliyetaka kitu cha moto tumboni ilimbidi akipate kati ya saa kumi na machweo. Chumvi ilikuwa ya kutafuta, sukari watu walishaisahau, lakini mbuzi walikuwepo na ndizi zilikuwepo. Wageni waliopita na misafara walisimama Batini wakiuliza mahali panapoliwa nyama ya kujificha. Wakati mwingine dereva alileta salamu: Gozbert ameonekana Mutukula, Gozbert ameonekana Masaka, mzima, ana ndevu. Odeta alimwongezea dereva yule mshikaki, na kabla ya kulala alihakikisha habari imepita kwa Marsiana hadi chumbani kwa mzee.

Masika yalipopamba moto, jioni moja mawingu yalishuka juu ya boma yakiwa meusi kama sufuria. Vijichumba vyote vilikuwa vimejaa. Upepo ulikuja kabla ya mvua. Haukuvuma, ulipiga teke. Kufumba na kufumbua ukuta wote wa matete ukang'oka, ukapinduka kama mkeka na kuangukia migombani.

Wakabaki wamekaa kwenye vigoda vyao peupe. Katekista Desderius alikuwa na mfupa umesimama mdomoni. Deodata alikuwa na ndizi katika kila mkono. Walimu wawili wa kike walikuwa wamekaa mgongo kwa mgongo na wazee wa baraza bila kujuana, na kwenye kilabu watu wote walikuwa wamegeuza shingo. Odeta, mwenye koleo mkononi, alimwona baba mkwe wake hatua chache mbele yake, shavu limejaa nyama, macho yao yamekutana. Alitaka kupiga magoti, alitaka kukimbia, na miguu ikakataa yote mawili.

Mzee Bernardo alitazama ukuta ulipoangukia. Akawatazama wenzake mmoja mmoja. Kisha akaendelea kutafuna, taratibu, mpaka akameza. Akanyoosha sahani yake.

"Mwanangu," alisema, "niongeze ndizi moja, kabla mvua haijazima moto."

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia Odeta bila kupitia kwa mtu. Odeta akaitoa ndizi kwenye majivu, akaipangusa, akampelekea kwa mikono miwili. "Karibu, baba," alisema. Hapo Deodata akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka ndizi chini, na kicheko chake kikawapitia wote, hata katekista, aliyetoa mfupa mdomoni na kuutazama kana kwamba umewekwa pale na mtu mwingine. Mvua ikaanguka, wakakimbilia ndani ya kilabu na sahani zao, wakamalizia humo humo, wamebanana wanaume kwa wanawake, wakila.

Si wote waliozoea mara moja. Katekista alipotea kwa muda, akarudi siku nyama ilipokuwa nono. Walimu wa kike walimwomba Odeta awarudishie upande wao wa matete, naye akawarudishia, kwa kuwa si kila mtu hufurahi kutazamwa. Sehemu iliyobaki aliiacha wazi. Mzee Bernardo hakuuliza. Alisogeza kigoda chake karibu na jiko akawa anakaa hapo, na siku hadi siku maneno yakaongezeka. Ilionekana kwamba anajua mbuzi kuliko mtu yeyote mtaani. Akawa anakwenda kijiji cha Runazi kuwachagua mwenyewe, akirudi anamweleza Odeta kwa nini huyu wa madoa na si yule mweusi. Koti lake likaanza kumkaa.

Gozbert alirudi kiangazi, vita vikiwa vimekwisha. Alikonda, ndevu zilikuwa kweli, na alikuwa akiongea kwa sauti ya juu kana kwamba injini ya lori bado inanguruma chini yake. Alishuka Batini saa kumi na moja jioni na kufuata harufu. Alichokikuta hakukitegemea: baba yake amekaa jikoni peupe, anatafuna, na anabishana na mke wake kuhusu chumvi. Alisimama akiwatazama muda mrefu kabla hawajamwona. Odeta alipoinua macho, koleo lilimponyoka.

Baada ya machozi na shikamoo na mtoto kumkataa baba asiyemjua, Gozbert aliketi. Mzee Bernardo akainuka, akavuta kigoda cha tatu, akakipangusa vumbi kwa upindo wa koti lake na kukiweka katikati yao.

"Keti nawe, mwanangu," alimwambia Odeta. "Marsiana atashika moto."

Marsiana alishalichukua koleo. Odeta akaketi kati ya mumewe na mkwewe, watu wa kilabu wakiwa mbele yake na jua likiwa bado juu ya boma. Akachukua mshikaki, akaupuliza, akauma. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuila nyama yake ikiwa ya moto, na aliona kuwa ilihitaji pilipili kidogo.