Mafunzo ya Kina Mama

Nilikuwa nataka kujifunza kufungua cherehani. Kushona nilijua tangu niko kwa mama, Matombo. Nilitaka kuifungua, nishike vyuma vya ndani, nijue kwa nini inakata uzi. Kiwandani pale Morogoro washonaji tulikuwa wanawake watupu, na mafundi wote wanaume. Cherehani ikigoma unanyoosha mkono, unasubiri fundi. Tulilipwa kwa vipande, kwa hiyo kusubiri ni hasara yako, bosi haimhusu. Jamani, unakaa unaikodolea macho mashine kama mgonjwa uliyekatazwa kumgusa!

Siku moja wakatangaza mafunzo ya ufundi. Ni saa kumi na moja jioni, baada ya kazi, mwezi mzima. Hawakusema wanawake wasije, hata. Walichagua tu ile saa ambayo kila mmoja wetu anakimbilia mtoto kwa jirani na jikoni moto haujawashwa. Mimi nikambembeleza jirani abaki na mwanangu, nikaenda. Supavaiza akanizuia mlangoni, kwa upole kabisa: "Mama, haya siyo yenu. Ya kina mama yanakuja."

Nikasubiri. Masika yakapita. Nikampeleka mwanangu kumsalimia bibi yake Matombo, nikamweleza mama. Kwetu Uluguruni shamba linafuata upande wa mama, na yeye ndiye anayeamua migomba ipandwe wapi. Alinishangaa kweli. "Sasa mashine unaitumia kutwa, halafu unakatazwa kuijua? Na nyie mmenyamaza?" Nikamwambia, mama, kule si shambani kwetu. Nilirudi mjini nikiitamani ile mashine mpaka naiota.

Hatimaye mafunzo yetu yakaja. Tukapangiwa viti, tukapewa soda. Mkufunzi alikuwa mwanamke mwenzetu, kapendeza, anajua kuongea. Akatufundisha kutabasamu, kutoleta matatizo ya nyumbani kazini, na kuwa wavumilivu mashine inaposimama. Wallahi, wavumilivu! Nikanyoosha mkono. "Dada, na kuzitengeneza tutafundishwa lini?"

Akacheka, bila ubaya. "Dada yangu, nyote mkiwa mafundi, nani atashona?"

Iliniuma kuliko kama angenitukana, maana alikuwa amesema kweli. Mafunzo yale hayakupangwa kwa faida yetu. Yalipangwa ili viti vyetu visibaki wazi.

Wiki ileile cherehani yangu ikagoma. Akaja fundi mmoja aliyehitimu yale mafunzo ya jioni, mtu mstaarabu tu. Nikamwambia, "Kaka, nifundishe basi."

Akageuka kutazama nyuma. "Dada, wakiniona nakuachia bisibisi, nimekwisha."

Nilimwelewa, naye ana watoto. Lakini alipomaliza hakurudisha kifuniko papo hapo. "Angalia haraka," akaninong'oneza. Nikainama. Niliona mafuta, gurudumu dogo, na kile chuma kinachozunguka chini ya sindano kudaka uzi. Vitu vichache tu, jamani! Miaka yote ile nilikuwa nimekaa navyo magotini. Nikapeleka kidole, kikakaribia kabisa.

"Vipi huko, bado?" supavaiza akaita.

Fundi akafunika, akakaza skrubu, akaenda kwa mwenzangu aliyekuwa amenyoosha mkono. Mimi nikaendelea kushona.