Ngazi Mbili Ndani ya Jalada Moja

Haya hamtayaamini, wala sitawalaumu. Hata mimi niliyekuwepo wakati mwingine najikatalia. Mpwa wangu, mshona vitabu, alihitimu elimu yote ya Wayunani na ya masufi kati ya adhuhuri na alasiri, vidole vikiwa vimegandana kwa gundi.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya majaribio yake pale karakana. Akiharibu kazi, anarudi kwa mama yake. Kazi yenyewe ni miswada miwili ya mwalimu mmoja mstaafu, nakala pekee, hati ya mkono ileile. Mmoja ulieleza Wayunani walivyomlea mwanafunzi: ajisafishe tamaa, azoee tabia njema, mwisho autazame ukweli kwa akili. Wa pili ulieleza njia ya masufi: toba, kupambana na nafsi, kisha moyo kufunguliwa. Mwalimu hakuweka namba za kurasa. Aliandika juu tu daraja la kwanza, la pili, la tatu. Basi mpwa wangu, binti mtiifu kama uzi nyuma ya sindano, akaoanisha la kwanza na la kwanza, la pili na la pili, akashona, akapaka gundi. Kuja kushtuka kwamba vilitakiwa vitabu viwili, jalada limekauka.

Masufi husema nafsi huanza kwa kuamrisha maovu. Yake ikamwamrisha: sema feni imepeperusha kurasa zikachanganyika. Kisha hulaumu, ikamlaumu hadi masikio yakawaka moto. Ile ya tatu, iliyotulia, ilikuwa bado njiani mwalimu alipopiga hodi.

"Shikamoo, mwalimu. Vitabu vyako viwili nimevishona kimoja. Kosa ni langu, si la feni."

Mzee hakuelewa feni imeingiaje. Akafungua, akasoma amesimama, Myunani kushoto, sufi kulia. Alipofika daraja la tatu akaanza kutikisika mabega. Kumbe Myunani anapanda kwa miguu yake mpaka juu, na sufi anapanda vilevile, ila mlangoni anangoja kufunguliwa. Miaka ishirini ameyaandika mbalimbali asiione tofauti hiyo. Akamwita mkuu wa karakana, akamwambia huyu binti asiende popote, kitabu kijacho atakishona yeye.

Hapo kicheko kikalipuka. Binti akakalia kopo la gundi, mwalimu akabusu jalada mara mia tatu, nami nikapanda meza ya kukatia karatasi nikawahutubia watu elfu mbili walio—

"Mjomba, siku ile ulikuwa nyumbani, unalia kwa maumivu ya jino."