Barometa Iliyopanda Mlima

Jumamosi niliingia duka moja hapa Kasulu kutafuta betri za redio, nikamkuta daktari wa kike aliyehamishiwa kwetu juzijuzi akiigeuzageuza barometa ya shaba, ile ya kupima uzito wa hewa na kutabiri mvua au tufani. Huzikusanya za zamani na kuzitundika sebuleni, kama wengine tunavyotundika kalenda.

"Chukua tu, daktari," alisema mwenye duka. "Marehemu baba aliitumia kule Pangani, akiapa kwamba haijawahi kumdanganya. Tangu niilete huku inatabiri tufani tu, masika na kiangazi. Nimechoka kuona mzee wangu akiumbuka ukutani."

Wakapatana bei ya kitu kibovu, akalipa. Mimi hapo ningebeba changu na kuaga.

Yeye akaomba bisibisi. Akazungusha skrubu ya nyuma taratibu, na mshale ukaamka, ukapanda, ukatulia katikati.

"Haijaharibika, kaka. Ilirekebishwa kwa hewa ya pwani. Huku milimani hewa ni nyepesi, nayo ikadhani ni tufani." Akaisukuma juu ya kaunta. "Sasa ni nzima. Ukitaka, turudishiane."

Mwenye duka alikifuta kioo cha barometa kwa pindo la kanzu, polepole, kama anayefuta uso wa mtu.

"Kwa hiyo mzee hakuwa mwongo."

"Hakuwa."

Akaifunga kwenye gazeti, akampa. "Nimeshauza, nimeuza. Ila niruhusu nije kwako kuisalimia."

Nilitoka bila betri, nikiwawaza watumishi wote waliohamishiwa huku tukasema wameharibika, kumbe hakuna aliyewaombea bisibisi.