Menyu ya Sekretari

"Nani aliamua kwamba neno hili likae hapa?"

Aliyeniuliza alikuwa mchapaji wa duka la steshenari la mama yangu mdogo, pale Masumbwe, na kidole chake kilikuwa kimegusa kioo cha kompyuta, juu ya menyu ya kwanza kushoto. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwezi uliotangulia. Nilijiona mtu wa kuhoji kila kitu: mahubiri, mitaala, mahari, hata bei ya nyanya. Hili sikuwa nimewahi kulihoji.

"Waliotengeneza programu," nikamjibu.

"Waliwahi kuandika mkataba wa duara hao?"

"Sidhani."

"Sasa waliamuaje?"

Nikajifanya natafuta rimu ya karatasi.

Kila mtu alimwita Sekretari, hata mama mdogo aliyemwajiri. Alikuwa amepita miaka hamsini. Alipokuwa msichana, masista wa Ushirombo walimfundisha kupiga taipu huku mikono yake imefunikwa kitambaa ili asiangalie herufi, na tangu hapo hakuziangalia tena. Nimesoma na watu wanaojiita mabingwa wa kompyuta. Hakuna aliyemkaribia kwa kasi. Tatizo ni kwamba kasi hiyo iliishia kwenye maneno. Ikifika zamu ya kuweka jedwali, kukoleza kichwa cha barua au kuongeza sehemu ya mashahidi, aliiacha kibodi, akashika kipanya kama mtu aliyepewa kifaranga, akaanza kuwinda. Menyu zilishuka, zikapanda. Midomo yake ilisoma Kiingereza neno kwa neno. Wakati huo mashine ya kukoboa mpunga ya ng'ambo ya barabara ikituletea vumbi la pumba, nami nikisimama nyuma yake nikijizuia nisimnyang'anye.

Kwingine kuchelewa namna hiyo kungekuwa kero tu. Kwetu kulikuwa kosa kubwa zaidi. Wateja wetu wakuu walikuwa wachimbaji wadogo waliokuja kuandikiwa mikataba ya maduara, yaani mashimo yao ya dhahabu: nani ana leseni, nani anachimba, nani analeta magogo ya kushikilia kuta, mawe yakipatikana yanagawanywaje. Wengi wao hawakuwa wasomaji wazuri. Kwa hiyo utaratibu wa dukani ulikuwa kwamba mchapaji anausoma mkataba wote kwa sauti, kifungu kwa kifungu, na mwenye pingamizi analisema hapohapo, na linarekebishwa hapohapo wakiwa wanatazama. Wasioweza kusoma karatasi walisoma mikono ya mchapaji. Mikono ikisita, wananong'ona.

"Anatafuta nini huko?"

"Si unaona? Anafungua kitu, anakifunga."

"Kaambiwa na mwenye leseni aweke chake."

Nimewaona watu wakisimama katikati ya mkataba na kuvuka barabara kwenda duka jingine, ambako kijana mmoja alichapa kwa vidole viwili na kukosea kila mstari, lakini kipanya chake hakikusita. Mama mdogo naye aliwaona.

Nikasema nitalimaliza tatizo hilo. Nilikuwa na uhakika, na uhakika wangu haukuwa wa bure: kompyuta yetu ilikuwa na programu ya kuandikia ya zamani, ile inayokuruhusu kung'oa maneno kwenye menyu na kupandikiza yako, na kukipa kitufe chochote kazi unayotaka, kisha kuyahifadhi yote ndani ya kiolezo. Ukifungua barua mpya kwa kiolezo hicho, kibodi na menyu vinakuja vimekwisha kupangwa. Niliona ajabu kwamba watu walikuwa wamekaa miaka mbele ya kitu kinachogeuzika bila kukigeuza.

Nilifanya kazi siku mbili. Nikapanga kwa herufi za kwanza, jambo ambalo kila mwenye akili angelifanya. Kontroli na D, mkataba wa duara. Kontroli na K, kiwanja. Kontroli na M, mashahidi. Kontroli na F, futa kifungu. Nikamwandikia Sekretari orodha na kuibandika ukutani. Akaisoma, akaniambia, "Ahsante, mwanangu," kwa sauti ya mtu aliyepewa kiatu kisichomtosha.

Siku ya tatu wakaja watu kutoka mbali, upande wa kwenda Chato. Mkataba ukasomwa, ukakubaliwa, ukachapishwa, wakaondoka. Baada ya siku nne wakarudi. Kifungu cha mashahidi hakikuwamo kwenye karatasi. Kilikuwamo wakati wa kusoma. Kwenye karatasi hakikuwamo. Kabla ya kuchapisha, Sekretari alikuwa ametaka kurekebisha herufi moja, kidole kikateleza, na kontroli ya F ikafanya kazi niliyoipa. Mwenye duara aliweka karatasi juu ya meza bila kupandisha sauti.

"Mayu," alimwambia Sekretari, kwa heshima ya Kisukuma ya kumwita mtu mama, "sisi tuliapa mbele ya watu wawili. Hawa watu wako wapi?"

Sekretari aliomba radhi. Hakunitaja. Jioni nilimweleza mama mdogo kwamba kosa lilikuwa la kiolezo changu, na akanisikiliza mpaka mwisho akikunja mabunda ya fotokopi.

"Nimekuelewa," akasema. "Lakini wateja hawakumwona aliyepanga. Wamemwona aliyeshika. Kuna binti Kahama ana cheti cha kompyuta. Nampa Sekretari mpaka gulio la mwisho wa mwezi. Foleni ya siku hiyo ikiisha bila mtu kuvuka barabara, abaki. Mtu akivuka, nampigia binti."

"Miaka kumi na mbili yuko hapa, mama mdogo."

"Na mimi nilikuwa hapa miaka yote hiyo. Usinihesabie."

Kesho yake nilimwambia Sekretari yote. Alikuwa anajua, duka lilikuwa chumba kimoja na kuta zilikuwa za mbao. Nikavuta kigoda.

"Naomba nikuulize, na usikasirike. Kwa nini unashindwa kubonyeza vitufe viwili pamoja? Wewe, mwenye vidole hivyo?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu hawali mawe.

"Umewahi kutumia taipureta?"

"Hapana."

"Ile kila herufi ina mkono wake wa chuma. Ukibonyeza mbili kwa pamoja, mikono inapanda pamoja, inakumbatiana, inanasa. Sista anakuja na rula. Hapa." Akajigonga vifundo vya vidole. "Miaka mitatu. Sasa wewe unaniambia kontroli na D. Kichwa kinakubali. Mkono unakataa, halafu unaenda kwa hofu, na ukienda kwa hofu unaangukia jirani."

"Lakini herufi kubwa unaziandika. Hizo nazo ni vitufe viwili."

"Shifti ni kitu kingine. Shifti unaishika kwanza, inainua gari zima lililoshika karatasi, ndipo unapiga. Shifti ninayo."

"Na herufi za kwanza? D ya duara? Nazo hazikusaidii?"

"Mwanangu, mimi siandiki herufi. Ukiniuliza sasa hivi D iko wapi, lazima niandike neno lenye D ndipo nijue. Mimi naandika sehemu kidole kinapokwenda."

Nilichukua kalamu. Hiyo ilikuwa habari nzuri kuliko zote nilizopata tangu nirudi kutoka chuo. Safu ya juu ya kibodi ilikuwa na vitufe kumi na viwili ambavyo hakuna aliyevitumia, F1 mpaka F12, kila kimoja kinabonyezwa peke yake. Ukiongeza shifti, vinakuwa ishirini na vinne. Hakuna kontroli. Tena vimepangwa vinne vinne vyenye nafasi katikati, kwa hiyo mkono unaweza kuvijua kwa kupapasa.

Tulianza upya. Kazi za vitufe vyote nilizigawa mimi. Menyu za Kiingereza nilizing'oa zote isipokuwa moja ya kuhifadhi na kuchapisha. Mahali pake nikaweka menyu moja, na maneno yake alinitajia yeye. Hakutaka maneno ya kamusi. Kufanya herufi ziwe nene kuliitwa Kolezea. Kuweka kichwa katikati kuliitwa Gawa, kwa sababu kwenye taipureta ulihesabu herufi za kichwa, ukagawa kwa mbili, ukarudi nyuma hatua hizo. Kisanduku cha alama ya kidole kwa asiyejua kusaini kiliitwa Dole.

"Watu watatucheka," nikasema.

"Nani atasoma menyu yangu? Binti wa Kahama?"

Tukacheka wote wawili, yeye zaidi.

Aliniomba nimwonyeshe mara moja, polepole, kitufe kinapewaje kazi. Nikamwonyesha: unafungua dirisha hili, unachagua kazi, unabonyeza kitufe, unathibitisha, unaangalia chini kwamba inahifadhiwa kwenye kiolezo chetu. Alitazama, mikono yake miwili ikiwa mapajani. Nikadhani anafanya kwa adabu tu, kama mtu anavyomsikiliza fundi akieleza ugonjwa wa pikipiki.

Siku moja kabla ya gulio nilikwenda Ushirombo kuchukua wino wa printa. Asubuhi ya gulio, saa mbili, kabla hatujafungua mlango, nikakinakili kiolezo kwenye flashi, maana umeme wa Masumbwe nao nilikuwa naushuku.

Kufika saa nne benchi lilikuwa limejaa. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya fotokopi, mgongo kwa Sekretari, nikisikia tu. Kundi gumu lilikuwa la wanaume watano na mwanamke mmoja wa makamo, mwenye leseni. Sekretari alisoma kifungu cha mgawo.

"Simama hapo," akasema mwanamke. "Ongeza: mifuko ya mawe igawanywe palepale duarani, siyo nyumbani kwa mtu."

"Nyumbani kwa nani?" akauliza mmoja wa wanaume.

"Nimesema kwa mtu."

"Mtu gani? Mtaje."

"Mbona wewe ndiye unayejikuna?"

Benchi zima likaguna. Nilisikia vitufe, sekunde chache, kisha sauti ya Sekretari ikisoma kifungu kipya, tulivu kabisa, kama kilikuwamo tangu mwanzo.

"Toa hilo neno 'mtu'," akasema yule mwanaume. "Weka: siyo nyumbani kwa yeyote, hata mwenye leseni."

Vitufe. Sauti ikasoma.

"Rudisha lile la kwanza," akasema mwanamke.

Kitufe kimoja. Sauti ikasoma lile la kwanza. Mzee mmoja kwenye kundi, ambaye hakuwa amesema lolote, akamwambia mwenzake kwa Kiswahili chenye Kisukuma ndani yake kwamba huyu mama hana cha kuficha, mikono yake haizunguki. Wakabishana nusu saa nzima. Wakabadilisha kifungu hicho mara saba, na mwisho wakakubaliana kuandika kama mwanamke alivyotaka. Mashahidi walikuwamo. Visanduku vya dole vilikuwamo, vitatu. Hakuna aliyevuka barabara siku hiyo, na saa kumi na moja kijana wa duka la pili alikuja kuazima stepla.

Mama mdogo alifunga mlango, akahesabu funguo, akasema, "Sekretari, kesho uje mapema, kuna barua za shule." Ndiyo ikawa hukumu yote. Binti wa Kahama hakupigiwa simu. Sekretari alikaa kwenye kiti kile mpaka alipoamua mwenyewe kukiacha, macho yalipochoka.

Wiki mbili baadaye nilipata kazi Geita mjini, nikaondoka nikijua nimefanya kitu cha maana. Nimekisimulia mara nyingi: jinsi nilivyopanga vitufe kwa vidole badala ya herufi, jinsi menyu ilivyong'olewa. Watu hupenda nikifika kwenye rula ya sista.

Miaka kadhaa ilipita. Ofisi yangu ilitaka violezo vya barua, nami nikataka kuwaonyesha wenzangu mfano wa kazi safi. Nikaitafuta ile flashi, nikakifungua kiolezo cha asubuhi ya gulio kwenye kompyuta moja kuukuu, na kwa kuwa programu ile ina uwezo wa kuchapisha orodha ya vitufe na kazi zake, nikaichapisha. Ilitoka ukurasa mmoja. F1, niliyokuwa nimeipa mkataba wa duara, ilikuwa imepewa kazi ya kurudisha kilichofutwa. Kufuta kifungu kulikuwa kumehamishwa mpaka shifti na F12, mwisho kabisa wa safu. Nikachukua kalamu nikawa naweka alama. Siku nzima niliyokuwa Ushirombo, Sekretari alikuwa peke yake na ile mashine. Kati ya vitufe ishirini na vinne, vilivyobaki kama nilivyopanga mimi vilikuwa saba.