Baiskeli Isiyokwenda Popote

Mjini walimwita Kiguu na Njia. Kazi yake ilikuwa kusambaza vifurushi kwa baiskeli, na Mungu alijua alichokuwa akifanya alipompa kazi hiyo, maana kila kiti alichokalia ungedhani kina siafu. Chai aliinywa amesimama. Hata siku ya harusi yake mpiga picha alimkimbiza mpaka akaishiwa pumzi.

Basi watu waliposikia amejitolea kuendesha baiskeli iliyofungwa sakafuni, kwenye ukumbi wa hospitali, tangu asubuhi hadi jua litue, walicheka mpaka wakashika mbavu. Mchango ulikuwa wa vitanda vya wazazi, wale wanaolala kwenye viti vya plastiki kando ya watoto wagonjwa. Wafadhili walikuwa wameahidi: gurudumu likizunguka mchana kutwa bila kusimama, vitanda vinakuja. Likisimama, kila mtu na hamsini zake.

Binti yake mwenyewe alikuwa amelazwa ghorofani, mguu ndani ya plasta. Mama mtu alilala kwenye kiti hicho cha plastiki wiki nenda wiki rudi. Baba alifika kila siku, akaweka machungwa mezani, akasema, "Narudi sasa hivi," huyo, akatokomea. Si kwamba hakumpenda mwanawe. Alimpenda mno, na kumtazama amelala tu, bila la kufanya, kulimchoma moyo. Kupiga pedali, hilo aliliweza.

Kilichomkera ukumbini ni ukuta. Akikazana, ukuta uko palepale. Akipunguza, upo vilevile. Kufika alasiri alikuwa karibu kuupigia kelele. Akaamua kusambaza vifurushi kichwani: akatoka ghalani, akapita duka la dawa, kwenye kona akanyoosha mkono kuonyesha anakata kushoto. Makarani wa mapokezi wakaangua kicheko. Hakuwasikia. Alikuwa amemwona yule mteja wake wa getini, asiyependa kungojeshwa, na kwa mazoea akaacha pedali, akashusha mguu, akageuka nyuma kuchukua kifurushi.

Ukumbi mzima uliguna.

Mkewe alikuwa ameshuka kuchukua maji ya moto. Aliitupa chupa ya chai mikononi mwa mtu, akamsukuma mumewe kando, akapanda na ndara zake gurudumu likiwa bado linajiendea lenyewe, akalidaka kwa miguu.

"Jamani, inaruhusiwa hiyo?" karani mmoja akauliza.

"Wafadhili walisema gurudumu lisisimame," alijibu muuguzi mkuu. "Hawakusema kwa miguu ya nani."

Kiguu na Njia alisimama pale, jasho linamtiririka, aibu imemjaa. "Mke wangu, shuka basi. Umechoka wewe. Nipishe nimalizie."

"Sishuki."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Nenda juu ukakae na mtoto."

"Nitaenda, ila kwanza..."

"Baba watoto," alisema mkewe, safari hii kwa sauti ya chini, "ulikuja kupanda hii ili usikae kule. Unadhani sijui?"

Alipanda ngazi polepole. Hakuwahi kupanda ngazi polepole maishani mwake. Binti alimtazama mikono.

"Machungwa je?"

"Leo sina."

"Unarudi saa ngapi?"

"Siondoki. Nakaa mpaka mama yako achoke huko chini."

Mtoto alimwangalia kwa huruma, kama anayempa mtu habari mbaya.

"Mama hachoki, baba."

Baba akavuta kiti cha plastiki, akakaa.