Mgeni wa Halmashauri

Miaka ishirini na sita Tjitske Hoekema ameishi na baridi yabisi, na kila mwaka halmashauri ya mji wao mdogo huko Friesland humtuma mtu kuuliza kama bado anaumwa. Huenda amepona akasahau kuwaambia, nani ajuaye!

Safari hii zilizokuwa hatarini ni saa tatu za kila Jumanne, anazokuja msaidizi anayelipwa na halmashauri kumfanyia usafi. Mtu asiyeweza kukamua hata kitambaa angeishije bila hizo? Dada yake, Baukje, alimwonya mapema.

"Usiguse kitu, Tjitske. Acha vumbi walione."

"Mgeni akute vumbi kwangu? Una wazimu?"

"Huyo si mgeni, ni mkaguzi!"

"Atakunywa kahawa au hatakunywa?"

"Atakunywa."

"Basi ni mgeni."

Siku tatu mfululizo Tjitske alifuta madirisha, ndani na nje, vidole vimevimba, machozi yanamtoka kwa maumivu. Siku ya nne hakuweza hata kufunga vifungo vya blauzi. Baukje alimfungia huku akimtukana.

Afisa, binti mpole aitwaye Lonneke, akapewa kahawa na biskuti moja, mkebe wa biskuti ukafungwa, kama desturi ya kwao. Akafungua kompyuta.

"Mama, tangu mwaka jana umepata nafuu?"

"Ugonjwa huu hauponi, binti yangu."

"Naelewa. Ila hapa pana 'ndiyo' na 'kiasi' tu."

Akaweka kiasi. Kisha akatazama madirisha. "Lo, yanang'aa! Nani kayasafisha?"

Baukje akamkanyaga dada yake chini ya meza. Neno moja tu lilitakiwa: msaidizi. Lakini Tjitske, jamani, amwachie mtu mwingine sifa ya madirisha yake?

"Mimi," akasema, kichwa juu.

"Hongera sana, mama!" Lonneke akaandika.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Baukje aliisoma kwa sauti: kwa kuwa mhusika anajiweza, msaada umesitishwa. Tjitske akalia kama mtoto, wala hakujificha.

"Nyamaza. Nimeshawapigia, tunakata rufaa," Baukje akasema. "Watamleta mwingine akuone upya."

"Lini?"

"Alhamisi."

Tjitske akajifuta machozi kwa mgongo wa mkono, akaitazama sakafu.

"Alhamisi hii? Mungu wangu, na sijapiga deki!"