Propela Iliyotoka Pwani

Siku niliyokubali kufunga propela iliyotoka pwani ndiyo siku ninayotamani nirudishiwe. Siitaki siku ya ajali, maana ajali ilikuwa matokeo tu. Ninayoitaka ni asubuhi ya ile simu, nimekaa uani kwangu Zuzu, nje kidogo ya Dodoma, na kikombe cha chai. Ningeweza kusema, "Asante mzee, lakini propela tunayo," na mambo yakaishia hapo. Badala yake nilisimama wima, kana kwamba aliyepiga ananiona, nikasema, "Ndiyo mzee. Nitaifunga."

Aliyepiga alikuwa rubani niliyemtumikia ujanani. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi ya kuhudumia ndege za kupulizia dawa kweleakwelea, wale ndege wadogo wanaoweza kumaliza uwele wa kijiji kwa siku mbili. Tulizunguka nyanda hizi za kati kiwanja hadi kiwanja, mimi nikijaza dawa, nikifuta vioo na kukaza nati. Tulikuwa pia na ndege ndogo ya viti viwili ya kutafutia mazalia ya kweleakwelea, na humo mara kadhaa aliniachia niongoze. Niliona Dodoma yote chini yangu, reli imenyooka kama uzi, mashamba ya zabibu ya kijani katikati ya ardhi nyekundu. Nilistaafu miaka mingi baadaye nikiwa bado naiona.

Ndiyo maana nilinunua michoro ya ndege ya kiti kimoja, ya mbao na kitambaa, ambayo mtu anaweza kuijenga nyumbani. Injini niliitoa kwenye gari dogo la zamani, aina ile ambayo injini hukaa nyuma na hupozwa kwa hewa. Chuma nilikijua. Mbao sikuzijua, nikaenda kumtafuta fundi seremala aliyekuwa na karakana karibu na Area D, akitengeneza vitanda na milango.

Alikuwa Mhehe, mimi Mgogo. Sisi ni watani tangu kwa babu zetu, na watu wa rika letu tuliushika utani kama dini. Mtani wako anaweza kukusema vibaya mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kukasirika. Kazi yako ni kumrudishia, na kumrudishia vizuri zaidi. Nilipomweleza ninachotaka kujenga, aliweka randa chini akawatangazia vijana wake wa kazi kwamba Wagogo wameomba chini mpaka watu wamewachoka, sasa wanataka kwenda kuomba mawinguni. Nikamwambia nimemfuata yeye kwa sababu Mhehe ana hasira, na ndege ikikataa kuruka itahitaji mtu wa kuitisha. Jumamosi iliyofuata alikuja Zuzu na zana zake kwenye baiskeli.

Akaja kwa miaka sita.

Nikifumba macho nasikia msasa. Nasikia garimoshi likipita upande wa pili wa nyumba na sisi tukinyamaza kulisubiri liishe, halafu yeye anaendelea na sentensi pale pale alipoikatia. Ua wote ulinuka mninga na gundi. Upepo wa Dodoma ulituletea vumbi kwenye vanishi, tukajifunza kupaka alfajiri kabla upepo haujaamka. Mke wangu alituletea ugali wa uwele na mlenda, na mtani akala huku akilalamika kwamba huko kwao hata mbwa hapewi mlenda. Mke wangu akamwambia, "Basi shemeji, rudisha bakuli," naye akalikumbatia. Sikuwahi kuwa na rafiki kama huyo kabla yake. Sikujua kwamba naye alinihesabu hivyo, kwa kuwa watani hawaambiani vitu kama hivyo.

Mwaka wa sita ikabaki propela. Watu hudhani ni pangaboi tu, lipi kubwa zaidi na lipi linang'aa. Kumbe kuichagua ni kama kuchagua jembe: lazima ujue litalima ardhi gani. Mabapa yake yakiwa yamelala, kila mzunguko unasukuma hewa kidogo, injini inazunguka kwa wepesi na ndege inapanda upesi, ila haiendi mbio. Yakiwa yamesimama zaidi, kila mzunguko unasukuma hewa nyingi. Hiyo ni propela ya mbio, lakini inataka injini yenye nguvu za kutosha. Pwani injini inazipata. Dodoma tuko juu, na jua likipamba moto hewa inakuwa nyepesi, injini inahema kama mgeni aliyepanda mlima.

Mtani wangu alichonga propela kwa kufuata vipimo vya michoro, mabapa yakilala zaidi kidogo kwa ajili ya huku kwetu. Aligundisha mbao saba za mninga, akaziacha mwezi mzima ndani zikauke, kisha akachonga. Mwishoni hakutumia msasa, alikwangua kwa kipande cha chupa, akisimama kila mara kufunga macho na kuipapasa kwa kiganja. Tuliining'iniza kwenye ufito wa chuma kuona upande gani mzito, na upande mwepesi akauongezea vanishi kwa tone, mpaka ikasimama popote tulipoiacha. Hakufanya utani wowote siku hiyo.

Mkubwa wangu wa zamani, yule rubani, alisikia habari za ndege akapiga simu kutoka pwani alikostaafia. Nilimweleza juu ya propela ya mninga. Akacheka. "Kijana wangu," aliniambia, nami nilikuwa nimeshapita sitini, "kazi ya fundi vitanda waachie wenye kulala. Nakuletea propela ya ndege." Ilikuwa imetoka kwenye ndege yake mwenyewe. Kusema hapana kwa mtu huyo sikuwahi kujifunza.

Ilikuja kwa basi, imezungushiwa blanketi. Ilikuwa nzuri, nyeusi, yenye ncha za shaba. Mtani aliizunguka mikono nyuma, akaangalia jinsi mabapa yalivyosimama, akasema, "Mtani, hii imekuja kuoa, haikuja kufanya kazi."

Tulizipima zote mbili. Tuliifunga ndege mkia kwenye kisiki cha mgunga kwa kamba, katikati ya kamba tukaweka mizani ya kupimia makreti ya zabibu, tuliyoazima kwa jirani. Injini ilipowaka na propela ya pwani, ilinguruma kwa sauti nzito kama inayobeba kitu. Kwa propela ya mninga iliimba. Mke wangu ndiye aliyesoma mizani, kitenge kikimpepea mpaka usoni. Alipokuja aliniangalia mimi, hakumwangalia fundi.

"Ya shemeji imevuta zaidi," akasema. "Siyo kidogo."

Nilikuwa na jibu. Niliwaambia propela ya mbio haionyeshi nguvu ndege ikiwa imefungwa, kwamba ikishaanza kukimbia itashika hewa vizuri. Ndivyo mkubwa alivyonieleza kwenye simu, na ndani yake mna ukweli kidogo, wa kutosha kumdanganya mtu anayetaka kudanganyika. Mtani alisema ndege yangu itakuwa kuku: itakimbia sana, mabawa itapiga, na mwisho italala chini ya mti. Nilicheka. Alisema hivyo wiki nzima kwa namna mbalimbali, na kila mara nilicheka. Leo naona alikuwa ananiambia jambo moja tu. Mimi niliupokea utani nikaacha kilichokuwa ndani yake. Maneno ya mkubwa niliyapokea kwa mikono miwili.

Mkaguzi wa serikali alikuwa ameniruhusu kuikimbiza ardhini tu, nisiruke mpaka arudi. Hilo pia ni kosa langu, na sina wa kugawana naye. Nilichagua Jumapili, kwenye kiwanja cha zamani cha ndege za dawa mbele ya Zuzu. Ilipasa tuanze alfajiri wakati hewa ni baridi. Nilisubiri watu watoke kanisani ili waone. Saa sita mchana, mwisho wa kiangazi, walikuwa wamejaa pembeni mwa kiwanja, wachungaji na fimbo zao, akina mama na miavuli.

Mtani alifika kwa bajaji. Alikuja moja kwa moja akanishika mkono, akasema kwa sauti ndogo, "Leo sitanii. Haitapanda na hiyo, na jua hili. Yangu nimeileta, imo kwenye bajaji. Nipe nusu saa tubadilishe."

Watu walikuwa wanatutazama. Nikainua sauti. "Mnamsikia Mhehe? Anataka ndege yangu ivae mguu wa kitanda."

Walicheka. Hakuuachia mkono wangu. "Nimesema sitanii."

"Na mimi nimesema rudi kitandani kwako ukalale."

Walicheka tena, zaidi. Aliuachia mkono. Kisha akaenda mbele ya ndege akaizungusha propela ile ile mpaka injini ikawaka, akaondoa mawe kwenye magurudumu, akasogea pembeni.

Katikati ya kiwanja alikuwa ameweka pipa alilolipaka chokaa: kama magurudumu bado yako chini nikifika hapo, nizime. Nilipita pipa nikiwa chini. Saa ya injini ilionyesha mizunguko michache kuliko inavyotakiwa na niliiona. Niliona pia miavuli. Ndege iliacha ardhi mwishoni kabisa, ikafika kimo cha paa la nyumba, ikagoma. Mbele kulikuwa na migunga. Niliinua pua ya ndege, nayo ikaanguka.

Mtani ndiye aliyefika kwanza. Alikata mkanda kwa patasi yake akanibeba mgongoni mpaka kwenye bajaji. Mguu wangu ulikuwa umevunjika mara mbili. Njiani niliona propela ya mninga karibu na kichwa changu, imefungwa kwa gazeti.

Alikuja hospitali kila siku na chupa ya uji. Siku ya pili nilimchokoza, nikamuuliza kama amekuja kuupima mguu wangu akautengenezee kitanda. Alitabasamu kama mtu anavyomtabasamia mgeni. "Pole sana, mzee," akasema. "Mungu atasaidia." Alikuwa hajaniita mzee hata mara moja kwa miaka sita.

Niliporuhusiwa kurudi nyumbani nilimwomba radhi. Nilisema nimekosea, bila kuzunguka. Alisema yameisha, akanywa chai yake, halafu akaongeza taratibu, "Niliuweka utani chini mara moja tu, nikuambie neno. Ukaliokota ukawachekeshea watu. Sasa nikisema kitu kwako, nitajuaje utakisikia kama nini?" Alikuwa hana hasira. Ningejua la kufanya kama angekuwa na hasira.

Mwaka uliofuata alifunga karakana akarudi kwao, ng'ambo ya bwawa la Mtera. Mke wangu alipofariki nilimpelekea taarifa, naye akaja siku hiyo hiyo. Kwenye msiba mtani ana kazi yake. Hulizuia jeneza mlangoni akadai apewe chochote, huvaa nguo za marehemu na kumwigiza anavyotembea, mpaka wafiwa wanacheka ndani ya machozi. Nilimsubiri aanze. Watoto wangu walimsubiri pia. Alikaa na wageni wengine, akala, akazika, akanipa mkono.

Mguu ulipona ukiwa mfupi kidogo, na ndege niliipasua kuni. Hayo nimeyazoea. Kwa kuikubali propela ya mkubwa na kuikataa ya mtani, nilimpoteza rafiki pekee niliyepata kuwa naye utu uzima wangu wote. Yuko hai. Tunapigiana simu sikukuu, tunaulizana afya na mvua, kisha tunaagana kwa heshima.